Tumbusi Asiyeruka Usimpite: Tahadhari kwa Oruchinga, Nakivale na Mbarara

Ukimkuta tumbusi amekaa chini saa saba mchana, jua kali, wenzake wanazunguka juu na yeye anakutazama tu bila kuruka, usimpite. Usimrushie jiwe, usimbebe nyumbani, usimchinje. Yawezekana kabisa ana sumu ya madini ya risasi mwilini. Na sumu hiyo haiko mbali na wewe: inaweza kuwa kwenye nyama ya porini uliyouziwa jana jioni, au kwenye udongo anaouchezea mwanao nyuma ya kibanda cha fundi wa betri.

Maneno haya nayaelekeza kwanza kwa watu wa Isingiro: wakimbizi na wenyeji wa Oruchinga na Nakivale, wafugaji wenye malisho yanayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, na wavuvi wa Ziwa Nakivale. Yanawahusu pia wachinjaji na mafundi wa Mbarara mjini, na kila anayeingia porini na bunduki, mwenye leseni na asiye nayo. Tusingoje kuhesabu mizoga ndipo tuamke. Madini ya risasi hayana haraka. Yanaingia kidogo kidogo, yanakaa, na dalili zikishaonekana wazi kazi ya kuponya huwa ngumu na ya gharama.

SUMU INAVYOINGIA

Risasi nyingi za bunduki zina kiini cha madini ya risasi kilichovikwa ganda la shaba. Ikimpiga mnyama kwa kasi, haibaki kipande kimoja. Inapasuka, na chembe zake zinatawanyika ndani ya nyama mbali na tundu unaloliona, nyingine ndogo kiasi kwamba jicho halizioni wala ulimi hauzisikii. Watafiti wa Marekani waliwahi kupiga eksirei marundo ya matumbo ya kulungu yaliyoachwa porini na wawindaji. Katika kila marundo kumi, tisa yalikuwa na vipande vya risasi.

Sasa mtazame mwindaji anavyofanya kazi yake. Akishampasua swala, anachukua mapaja, mgongo na mbavu. Utumbo na mapafu anaviacha palepale. Ile nyama iliyovilia damu kuzunguka tundu la risasi anaikata na kuitupa, kwa sababu haipendezi sufuriani. Hapo ndipo chembe nyingi zilipo. Haupiti muda mrefu tumbusi ameshashuka. Yeye hachambui, mnofu na madini vyote vinapita koo moja.

Tumbo la tumbusi lina asidi kali kuliko la wanyama wengi. Asidi hiyo ndiyo inayomwezesha kula mzoga uliooza, hata wa ng'ombe aliyekufa kwa kimeta, akaondoka salama. Lakini ikikutana na madini ya risasi inayayeyusha upesi na kuyapitisha kwenye damu. Mwili unayapokea ukidhani ni kalsiamu. Yakishaingia yanavuruga mishipa ya fahamu, yanazuia damu kutengenezwa sawasawa, yanashambulia ini na figo, na yanayobaki yanajificha mifupani, ambako yanaweza kukaa miaka.

Ndege aliyeathirika utamjua ukimwangalia vizuri, nawe umesimama hatua kumi au zaidi. Mabawa yamelegea, ncha zake zinaburura vumbi. Kichwa kinaanguka mbele kama cha mtu anayesinzia kwenye basi, kisha anakiinua kwa shida. Makucha yamejikunja, hawezi kuyakunjua, kwa hiyo anajikalia juu ya vifundo. Kinyesi ni cha kijani na kimechafua manyoya ya mkia. Kifuko cha chakula kilicho shingoni kimejaa na kinanuka, maana tumbo limegoma kusaga. Kifua kimekonda hadi mfupa wa katikati unachomoza. Wengine hutetemeka, wengine hupofuka. Wapo wanaokufa kwa njaa wakiwa na chakula mbele yao.

Usichanganye hali hii na ile ya mzoga uliotiwa dawa ya kuua wadudu. Dawa ile huua kwa ghafla na kwa mkupuo: utakuta ndege wengi wamelala kando ya mzoga uleule. Ndivyo ilivyokuwa Ishasha, katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, Machi 2021, pale simba sita walipokutwa wamekufa na baadhi ya viungo vyao vimekatwa, na tumbusi wanane wamekufa hapohapo. Miaka mitatu kabla, Aprili 2018, simba kumi na mmoja, wanane kati yao wakiwa watoto, walikufa kwa sumu karibu na kijiji cha Hamukungu katika hifadhi hiyohiyo. Ukikuta ndege wengi wamekufa pamoja, shuku dawa ya wadudu, na usikanyage hapo. Ukikuta mmoja mmoja, leo huyu, wiki ijayo yule, mbali na mzoga wowote, shuku madini ya risasi. Zote mbili zina tiba ndogo na kinga kubwa, na zote mbili ni za kuripotiwa siku hiyohiyo.

KWA NINI HAPA KWETU

Itazame ramani. Mburo ilikuwa pori la akiba tangu 1963, ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Ni hifadhi ndogo, na pundamilia na swala pala wake hawajui mpaka ulipo. Wengi wanalisha kwenye ranchi za watu, bega kwa bega na ng'ombe wa Ankole. Mwaka 2001 serikali iliruhusu, kwa majaribio, uwindaji wa kulipia kwenye ranchi zilizo nje ya hifadhi, ili mfugaji apate chochote kwa wanyama wanaomlia majani. Nia ilikuwa njema na sigombani nayo. Ninachohoji ni kile kinachobaki ardhini bunduki ikishalia na gari likishaondoka. Ongeza majangili, ambao hawana anayewakagua, na mfugaji anayempiga risasi fisi au chui aliyemlia ndama kisha akauacha mzoga wake kichakani.

Botswana wameshapima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulichukua damu ya tumbusi wenye mgongo mweupe 566. Takriban theluthi moja walikuwa na kiwango cha madini ya risasi kilichopita kawaida, na kiwango kilipanda zaidi msimu wa uwindaji na katika maeneo yanayowindwa. Hao ni jamaa za hawahawa wanaozunguka juu ya Mburo. Tena tumbusi anaweza kuruka zaidi ya kilomita mia moja kwa siku. Anayekula asubuhi kwenye ranchi ya Kiruhura anaweza jioni kuwa Akagera nchini Rwanda, au ng'ambo ya Mto Kagera upande wa Karagwe, Tanzania. Sumu ya kijiji kimoja inauguza ndege wa nchi tatu.

Kisha kuna maji. Mto Rwizi unapita katikati ya Mbarara, unakusanya taka za mji, unateremka hadi kwenye maziwa na mabwawa ya Mburo na Nakivale. Ardhioevu hiyo iliingizwa mwaka 2006 kwenye orodha ya Ramsar, yaani orodha ya dunia ya ardhioevu zenye umuhimu wa pekee. Kinachomwagwa gereji Mbarara kina njia ya kufika huko. Ziwani nako kuna chubwi za nyavu na ndoana zinazotengenezwa kwa madini ya risasi. Zinakatika, zinazama, zinamezwa na ndege wa majini wanaotafuta changarawe za kusagia chakula. Uingereza ilipoona bata maji wakubwa wa mito yake wanakufa kwa chubwi, ilipiga marufuku uuzaji wa nyingi kati ya hizo mwaka 1987, na ndege wakaanza kuongezeka tena. Furukombe wetu, yule anayelia alfajiri juu ya miti ya ufukweni, haokoti chubwi, lakini anakula samaki na ndege walioimeza.

Na mwisho kuna betri. Sehemu kubwa ya makazi ya wakimbizi haina umeme wa gridi. Taa, redio na simu vinategemea sola, na sola nyingi zinaegemea betri za asidi. Betri ikichoka inapelekwa kwa fundi. Fundi anaipasua kwa nyundo, anamwaga maji yake chini, anatoa sahani zake na kuziyeyusha kwenye sufuria juu ya mkaa, apate chubwi za kuuza au sahani nyingine. Moshi unaingia mapafuni mwake. Vumbi la kijivu linatulia kwenye nguo zake, na jioni anambeba mtoto akiwa na nguo hizohizo. Kuku wanadonoa hapo. Mwewe anamchukua kuku. Korongo wakubwa tunaowaita kaloli na tumbusi wadogo wa mjini, wale wanaoshinda juu ya paa za machinjio, wanachakura taka za hapohapo. Njia ni nyingi, mahali zinapokutana ni pamoja.

Wakati huohuo tumbusi hawana akiba ya kupoteza. Mwaka 2015 shirika la uhifadhi la dunia, IUCN, lilitangaza kuwa tumbusi wanne wa Afrika, wakiwemo yule mdogo wa mijini na yule mwenye mgongo mweupe, wako kwenye ukingo wa kutoweka kabisa. Tumbusi hutaga yai moja tu kwa msimu, na kifaranga huchukua takriban miaka mitano kabla ya kuanza kuzaa naye. Ukimuua mkubwa mmoja, pengo lake halizibiki mwakani.

ALIYETANGULIA KUUGUA NI NDEGE, ANAYEFUATA NI MTOTO

Atakayesema "hayo ni mambo ya ndege" aende Mombasa akawaulize watu wa Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa ukutani mwa mtaa wao mwaka 2007. Moshi na maji machafu viliingia majumbani, watoto wakaanza kuugua, na mama mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, Phyllis Omido, akagundua kuwa mwanawe amelishwa sumu kupitia ziwa lake mwenyewe. Alipigania haki kwa miaka. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Fedha hizo haziondoi madini yaliyoingia kwenye mifupa ya watoto.

Mwaka 2010, huko Zamfara kaskazini mwa Nigeria, wanakijiji walikuwa wanasaga mawe ya dhahabu majumbani bila kujua kuwa yamejaa madini ya risasi. Zaidi ya watoto 400 walikufa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hunyonya mengi zaidi kuliko mtu mzima, na madhara kwenye ubongo hayarudi nyuma.

Mama, angalia dalili hizi: mtoto analalamika tumbo mara kwa mara, choo kigumu, hana damu, amepungua uzito, amekuwa mkali au mzito wa kushika masomo, au anatapika bila homa. Ni rahisi kudhani ni minyoo au malaria. Kama nyumbani kuna anayefanya kazi ya betri, au kama mnaishi karibu na mahali pa kuyeyushia, mwambie mganga wa kituo cha afya waziwazi: "Sisi tunakaa karibu na betri." Usiposema, hatakisia.

Na anayekula nyama ya porini ajue moto hauondoi madini ya risasi. Yakichemka kwenye mchuzi wenye ndimu au nyanya yanayeyuka zaidi. Nyama isiyo na kibali tayari ni kosa la sheria. Juu ya kosa hilo, unamlisha mtoto na mama mjamzito kitu kisichotoka.

TUMBUSI WAKIISHA

Wahindi walijifunza kwa gharama kubwa. Miaka ya 1990 tumbusi wao walianza kuanguka kutoka mitini, na kwa aina moja zaidi ya asilimia 99 walipotea. Mwaka 2004 watafiti waligundua chanzo: diklofenaki, dawa ya maumivu waliyokuwa wanachomwa ng'ombe. Ng'ombe akifa nayo mwilini, tumbusi anayemla anaharibika figo. India, Nepal na Pakistan ziliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006, lakini mizoga ilikuwa imeshalala mashambani bila wa kuila. Mbwa wa mitaani wakaongezeka, kichaa cha mbwa nacho, na maji yakachafuka. Wachumi waliochapisha hesabu zao mwaka 2024 walikadiria kuwa kutoweka kwa ndege hao kulichangia vifo vya ziada vya watu takriban nusu milioni katika miaka mitano tu.

Sisi tuna ng'ombe wengi, na tuna kimeta. Mwaka 2004 kimeta kiliua viboko wengi Queen Elizabeth. Mzoga ambao tumbusi wangeumaliza kwa muda mfupi, bila wao unakaa siku nyingi ukizungukwa na nzi, mbwa na fisi. Daktari wa mifugo akikuandikia dawa ya maumivu ya ng'ombe, muulize kama ipo meloksikamu badala ya diklofenaki. Hiyo imethibitishwa kuwa haiui tumbusi.

ANAWEZA KUPONA?

Ndiyo, akiwahiwa. Ndege mwenye sumu ya madini ya risasi si maiti. Lakini tiba yake si ya kienyeji, na hatua za kwanza za mtu wa kawaida ndizo zinazoamua kama daktari atapata wa kumtibu.

Hospitalini kazi huanza kwa kumtuliza. Anawekwa kwenye chumba chenye giza na kimya, anapewa maji kwa mrija au sindano, chakula laini kidogo kidogo, kwa kuwa tumbo lililogoma likijazwa linaua. Damu inachukuliwa kupimwa. Siku hizi ipo mashine ndogo ya kubebeka inayotoa jibu kwa dakika chache kutokana na matone ya damu. Eksirei inapigwa kuona kama bado kuna vipande tumboni. Vikiwepo, vinasafishwa au kuvutwa kwanza, maana kuitibu damu huku chanzo kipo ndani ni kuteka maji kwa pakacha.

Kisha inaanza dawa ya kuyafunga madini ili yatoke kwa njia ya figo. Inayotumika zaidi ni EDTA yenye kalsiamu, inayochomwa kwa siku kadhaa, ikapumzishwa, ikarudiwa, maana yenyewe nayo huumiza figo ikizidi. Neno kwa madaktari wa mifugo wa wilayani: kuna EDTA nyingine ya sodiamu isiyo na kalsiamu. Hiyo hufyonza kalsiamu ya mgonjwa hadi moyo ukasimama. Someni kibandiko kabla ya kuvuta sindano. Ipo pia DMSA, inayopewa kwa mdomo. Damu ikishasafika, mifupa huanza kuachia madini iliyokuwa imeyaficha na kiwango kinapanda tena, kwa hiyo kupima ni kwa wiki na miezi. Mwisho ndege anapelekwa kwenye banda refu ajifunze kuruka upya. Asiyepata nguvu ya bawa haachiwi, kwani angekufa kwa njaa.

Uganda tuna kituo cha elimu ya uhifadhi wa wanyamapori cha Entebbe, kile wengi tunachokiita zuu, ambacho hupokea wanyama waliookolewa, na Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, ina madaktari wake. Kenya kuna vituo vya ndege wawindaji Naivasha na Soysambu. Toka Isingiro hadi Entebbe ni safari ya siku. Ndege aliyekaa siku tatu kwenye kikapu cha mtu kijijini akilishwa ugali hafiki.

Tusijidanganye pia kwamba tiba itamaliza tatizo. Marekani wana tai mzoga mkubwa wa California, kondori. Mwaka 1982 walibaki 22 tu duniani. Wakakamatwa wote, wakazalishwa, wakarudishwa porini, na leo wamepita 500. Lakini walioachiwa wanaendelea kukamatwa na kusafishwa damu mara kwa mara, kwa sababu karibu nusu ya vifo vyao vyenye chanzo kinachojulikana ni vya madini ya risasi. Ndipo California ikaona daktari peke yake hatoshi: tangu Julai 2019 ni marufuku kuwinda kwa risasi zenye madini hayo jimbo zima. Nchi tajiri imeshindwa kutibu kila ndege. Sisi tutaweza?

CHA KUFANYA, KUANZIA LEO

Ukimwona ndege mgonjwa. Simama mbali, zuia watoto na mbwa, piga picha kwa simu, weka alama ya mahali. Mwarifu askari wa UWA wa Mburo, ofisa mifugo wa wilaya, au mwenyekiti wa kijiji (LC1). Ndani ya makazi, kiongozi wa kijiji au ofisi ya kamanda wa makazi. Usimpe maziwa, ugali wala maji kwa nguvu. Ukiagizwa umsogeze, mfunike kichwa kwa blanketi au shuka nene, jihadhari na mdomo wake, mweke kwenye boksi lenye matundu, mahali penye giza. Atatapika, nawa kwa sabuni.

Ukimkuta amekufa. Usimguse kwa mkono mtupu na usimtupe shimoni kabla hajaonwa. Mzoga wake ndio ushahidi. Wenye kununua vichwa na miguu ya tumbusi kwa ajili ya dawa za bahati wajue wanaweza kuwa wanasaga sumu na kuilamba. Na wauzaji wajue kuwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inaruhusu adhabu hadi kifungo cha maisha kwa makosa dhidi ya wanyama walio ukingoni mwa kutoweka.

Mwindaji mwenye leseni na mwenye ranchi. Risasi za shaba tupu zipo na zinaua sawasawa bila kupasuka chembechembe. Hadi utakapozipata, usiache matumbo wazi: yachukue, au yafukie kina kinachopita kiuno na uweke mawe juu, mbwa na fisi wasifukue. Kata nyama ya jeraha shubiri mbili kila upande na uifukie pamoja na matumbo. Mpe sharti hilo kila mgeni anayelipia kuwinda kwako.

Mfugaji. Usimpige risasi fisi ukamwacha, na kamwe usitie dawa kwenye mzoga. Toa taarifa ya chui au fisi msumbufu. Ng'ombe aliyekufa ghafla akitoka damu puani usimpasue; mwite ofisa mifugo.

Mvuvi. Chubwi ya chuma, jiwe au udongo uliochomwa inazamisha wavu vilevile. Usiume chubwi kwa meno ukiifunga. Nyavu zilizochakaa zirudishwe nchi kavu pamoja na chubwi zake.

Fundi wa betri. Usipasue wala kuyeyusha betri nyumbani, karibu na kisima, shule au soko. Ziuze zikiwa nzima kwa mnunuzi aliye na kibali. Badili nguo kabla ya kuingia ndani, nawa kabla ya kula, watoto wasikaribie kibanda. Najua kazi hii inalipa karo na posho. Ndiyo maana nasema na wewe kabla ya kusema na mtu wa serikali.

Na kwenu wenye mamlaka. UWA na wilaya za Isingiro, Kiruhura na Mbarara, pimeni damu ya tumbusi na kaloli wa machinjio na majalala, na matokeo yabandikwe watu wayaone. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kina wanafunzi na maabara. Wapewe kazi hii. Ofisi ya Waziri Mkuu na mashirika yanayogawa sola Nakivale na Oruchinga, anayeleta betri apange pia jinsi ya kuiondoa ikifa. Leseni ya uwindaji itolewe kwa sharti la risasi zisizo na madini haya, au angalau sharti la kufukia matumbo, na mtu akague.

Ndugu msomaji, kazi hii haihitaji mfadhili kuanza. Jembe la kufukia matumbo lipo, simu ya kuarifu ipo, na kuuza betri bila kuipasua hakugharimu kitu. Msomee jirani asiyejua kusoma, mtangazie baada ya ibada Ijumaa au Jumapili, mwambie kwa Kinyankole, Kinyarwanda, Kirundi au Kisomali kama Kiswahili hakimfikii. Tumbusi wa kwanza atakayeshindwa kuruka kijijini kwako aripotiwe siku hiyohiyo. Wa kumi atakuwa amechelewa, na mtoto wa jirani naye pengine atakuwa ameshaanza kulalamika tumbo.